Askofu Muge na safari ya Busia aliyojichagulia mwenyewe

JUMANNE, Agosti 14, 1990, Askofu Alexander Kipsang Muge wa Dayosisi ya Eldoret alifunga safari kwenda Busia, mji ulio kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Busia haikuwa katika dayosisi yake. Hakuna kanuni ya kanisa iliyomlazimu kuingia katika mji huo wiki hiyo badala ya wiki nyingine yoyote. Alikwenda kwa sababu waziri mmoja wa serikali alikuwa ametangaza hadharani kwamba askofu huyo akithubutu kukanyaga Busia atakiona cha moto, na huenda asitoke huko akiwa hai.

Alifika, akahubiri, akashangiliwa na umati, kisha akaanza safari ya kurejea. Hakufika nyumbani.

Kifo hicho kimezungumzwa mno hata kikafunika maisha yaliyokitangulia. Wengi humkumbuka Muge kwa siku moja tu, kana kwamba alizaliwa asubuhi ile akiwa tayari barabarani. Ukiyafuatilia maisha yake tangu mwanzo, hata hivyo, utaona kuwa safari ya Busia ilikuwa imeandaliwa kwa miaka mingi na mikono ya watu wengi: maafisa waliomfundisha gwaride, wahubiri waliomfundisha toba, makasisi waliomtangulia katika kusema na wakubwa, wanasiasa wa kwao waliomtaka anyamaze, na hatimaye hasimu aliyemtolea changamoto mbele ya watu. Kila mmoja alimwongezea kitu. Uamuzi wa kuingia garini ulibaki kuwa wake.

Muge alikuwa Mnandi, mtoto wa jamii kubwa ya Wakalenjin, aliyezaliwa katika miaka ya 1940. Kabla ya kuvaa kanzu ya ukasisi alivaa magwanda. Alikuwa askari wa GSU, kikosi ambacho serikali ya kikoloni ilikiunda na serikali huru ikakirithi, na ambacho Wakenya wamezoea kukiona pale palipo na ghasia, migomo ya wanafunzi au maandamano. Si chuo ambacho mtu angetarajia kimtoe kasisi, sembuse mkosoaji wa dola. Askari wa kikosi hicho hufunzwa kutii kwanza na kuuliza baadaye, kama atauliza kabisa.

Hata hivyo, mafunzo hayamfinyangi kila mtu kwa sura moja. Katika hotuba na mwenendo wake wa baadaye, uaskari ule haukumtoka Muge, bali uligeuka mwelekeo. Alisema kwa mkato. Hakuzungushazungusha maneno. Na jambo kubwa zaidi ni kwamba hakuonyesha ile hofu ya sare ambayo raia wa kawaida wa enzi hiyo walikuwa nayo, hofu iliyomfanya mtu mzima kushusha sauti akimwona polisi akipita. Yeye alikuwa amelala kambini na watu hao, akala nao, akajua kwamba chini ya kofia ya chuma kuna kijana wa mtu anayesubiri mshahara mwisho wa mwezi. Aliyewahi kushika rungu la serikali hulitazama kwa jicho tofauti.

Kanisa aliloamua kulitumikia, ambalo wakati huo likiitwa Kanisa la Jimbo la Kenya, yaani CPK, nalo lilikuwa limefinyangwa na nguvu yake. Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukapita Uganda na kuingia magharibi mwa Kenya kabla ya muongo huo kwisha. Watu wa uamsho walifundisha kwamba mwamini hana budi kuungama dhambi zake mbele ya wenzake, bila kificho, na kumwambia ndugu yake kosa lake ana kwa ana. Kwa upande mwingine, wazee wengi wa uamsho huo huo waliiona siasa kuwa tope ambalo mtu aliyeokoka hapaswi kulitia mguu.

Muge alichukua nusu ya urithi huo na kuiacha nusu ya pili. Alishika desturi ya kuitaja dhambi waziwazi. Akakataa kukubali kwamba dhambi ya mkuu wa wilaya au ya waziri ilikuwa nje ya mipaka ya mimbari. Hapa ndipo hiari ya mtu inapoonekana. Maelfu ya makasisi walilelewa na uamsho ule ule na kusoma Biblia ile ile, na walio wengi walichagua kuhubiri mbinguni na kuiachia Kanu mambo ya duniani.

Alisoma theolojia, na masomo hayo yakamfikisha London Bible College nchini Uingereza. Aliporejea alihudumu katika Kanisa Kuu la All Saints jijini Nairobi, ambako Henry Okullu alikuwa amewahi kuwa provosti kabla ya kufanywa askofu wa Maseno Kusini mwaka 1974. Okullu aliwahi kuwa mhariri wa magazeti ya kanisa, na hoja zake zilipangika kama tahariri: dai, ushahidi, hitimisho. David Gitari wa Mount Kenya East naye alikuwa na mtindo wake wa kufafanua maandiko mstari kwa mstari, hadi msikilizaji ajikute anasikia habari za Kenya katika kisa cha mfalme wa Israeli. Katika kanisa la Presbyterian alikuwepo Kasisi Timothy Njoya, aliyeukaribisha mwaka 1990 kwa mahubiri yaliyogusa kuanguka kwa tawala za chama kimoja za Ulaya Mashariki. Hao ndio waliokuwa rika na walimu wa Muge katika uwanja huo. Alijifunza kutoka kwao kwamba jambo hilo linawezekana. Sauti aliyolifanyia ilikuwa yake, kali na isiyo na mafumbo. Wala hakukubaliana na wenzake wote katika kila jambo. Kuna nyakati aligombana na viongozi wa dini waliokuwa wakiikosoa serikali pamoja naye, na hilo liliwasumbua waliotaka kumweka katika kambi fulani.

Mwaka 1983 ndipo alipofanywa askofu wa Eldoret, dayosisi iliyokuwa mpya. Kwa nchi nyingine huo ungekuwa uteuzi wa kawaida. Kwa Kenya ya wakati ule ulikuwa mtihani, kwa kuwa dayosisi hiyo ilikuwa Bonde la Ufa, nyumbani kwa Rais Daniel arap Moi, na askofu mwenyewe alikuwa Mkalenjin kama Rais. Okullu alipokosoa, ilikuwa rahisi kusema kwamba huyo ni Mjaluo. Gitari alipokosoa, ilikuwa rahisi kusema kwamba huyo ni mtu wa Mlima Kenya aliyekasirika kwa kupoteza utawala. Muge alipofungua kinywa, maelezo hayo ya mkato hayakufaa. Wanasiasa wa kwao walimwona kama mtoto anayeanika siri za nyumba uani, na shinikizo alilolipata kutoka kwa watu wa karibu huenda lilikuwa zito kuliko lile la Nairobi. Kumpinga adui ni kazi ndogo ukilinganisha na kuitwa msaliti na binamu zako.

Angeweza kunyamaza na kupewa heshima zote. Alichagua njia nyingine, na aliichagua mara nyingi, si mara moja. Njaa ilipowakumba wakazi wa Pokot Magharibi, aliitaja hadharani, jambo ambalo halikuwapendeza wakuu wa utawala. Mwaka 1986 Kanu ilipokata shauri kwamba wapiga kura wa mchujo wajipange foleni nyuma ya wagombea au mawakala wao, Muge alikuwa miongoni mwa viongozi wa dini waliopaza sauti dhidi ya mpango huo. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Mwalimu atasimamaje mbele ya mzazi wa mwanafunzi wake katika mstari wa hasimu? Mkopaji atasimamaje katika mstari usiokuwa wa mwenye duka aliyemkopesha unga? Katika mchujo wa mwaka 1988 wananchi wa sehemu mbalimbali walishuhudia mistari mifupi ikitangazwa kuwa mirefu, na aliyevuka asilimia 70 katika foleni hizo alihesabiwa kuwa amekwisha kuchaguliwa, bila kura ya siri.

Mwaka 1990 ulipoingia, nchi ilikuwa imekaza misuli. Mwezi Februari Waziri wa Mambo ya Nje, Dkt Robert Ouko, alitoweka nyumbani kwake Koru na mwili wake ukapatikana siku chache baadaye ukiwa umechomwa. Mwezi Julai Kenneth Matiba na Charles Rubia walitiwa kizuizini, na Julai 7, siku ya Saba Saba, ghasia zikalipuka Nairobi na miji mingine. Katika hali hiyo, mawaziri wengi walijipima uaminifu kwa ukali wa maneno waliyowatupia wakosoaji. Aliyesema jana alizidiwa na aliyesema leo, naye wa leo alijua kuwa kesho atatokea mwingine.

Mmoja wao alikuwa Peter Okondo, Waziri wa Leba na mbunge wa Bunyala, eneo la ufukwe wa Ziwa Victoria lililo kusini mwa Wilaya ya Busia. Ni kosa kumchora Okondo kama mtu asiye na elimu wala busara. Alikuwa msomi na mwanasiasa wa siku nyingi, na miaka michache baadaye alikuja kuchapisha kitabu cha kuifafanua Katiba ya Kenya. Mtu wa namna hiyo alijua vyema kwamba raia ana haki ya kwenda apendako katika nchi yake. Lakini mazingira humlea hata mzee. Lugha aliyoitumia siku ile ndiyo iliyokuwa ikipigiwa makofi majukwaani mwaka huo, na ndiyo iliyotarajiwa kutoka kwa waziri. Alimtaja Muge, akamtaja na Okullu, akawapiga wote wawili marufuku ya kufika Busia.

Mahali penyewe panastahili kuelezwa, maana marufuku hiyo ilikuwa na kichekesho chake. Wilaya ya Busia ya mwaka 1990 ilikuwa na milango miwili ya kuingilia Uganda, iliyoachana kwa takriban kilomita 30. Upande wa kaskazini ni Malaba, katika nchi ya Wateso, ambako reli na barabara kuu kutoka Mombasa zinavuka baada ya kupita Eldoret, Webuye na Bungoma. Upande wa kusini ni mji wa Busia wenyewe, unaofikiwa na barabara ya kutoka Kisumu, mji uliokatwa na mpaka ukabaki na jina moja pande zote mbili. Wasamia na Wateso wana ndugu Kenya na Uganda. Mtu hunywa chai upande huu na kwenda matanga upande ule siku hiyo hiyo. Ni hapo ambapo vijana wa baiskeli waliokuwa wakibeba abiria na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka waliizalia Afrika Mashariki neno bodaboda. Enzi za Idi Amin magendo ya kahawa yalipita hapo usiku, na Desemba 1987 majeshi ya nchi hizo mbili yalifyatuliana risasi papo hapo. Kila siku wageni walivuka mpaka wa kimataifa kwa baiskeli, na Mkenya mwenye pasipoti ya Kenya aliambiwa asiingie.

Watu wa mpaka huo walikuwa na kumbukumbu nyingine pia. Februari 1977, upande wa pili, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Oboth-Ofumbi alikuwa mtu wa Tororo, mwendo mfupi tu kutoka Malaba. Serikali ya Amin ilitangaza kwamba watatu hao walikufa katika ajali ya barabarani. Hapakuwa na kasisi wa Kianglikana wa kizazi cha Muge katika eneo hili ambaye hakuijua habari hiyo na maelezo yaliyotolewa kuihusu.

Muge alikuwa na njia kadhaa mbele yake. Angeweza kuyapuuza maneno ya Okondo, na hakuna ambaye angemlaumu. Angeweza kwenda kimyakimya baada ya mwezi mmoja. Alikata shauri kwenda mara moja na kutangaza kwamba anakwenda. Alisema pia kwamba kifo chake kikitokea, damu yake isiyo na hatia itamwandama Okondo. Hivyo alikuwa amekwisha kuupima uwezekano huo na kuutaja kwa sauti.

Wapo waliofikiri kwamba huo ulikuwa ukaidi, na swali hilo halifai kufagiliwa chini ya mkeka. Mtu anayekwenda mahali kwa sababu amekatazwa, je, anaongozwa na nafsi yake au na yule aliyemkataza? Ukweli ni kwamba bila Okondo kusingekuwa na safari hiyo. Hasimu ndiye aliyechagua mji na ndiye aliyechagua juma. Yaliyobaki, hata hivyo, hayakutoka kwa Okondo. Muge aliyafanya kwa kuwa kwa miaka saba ya uaskofu alikuwa amewaambia wengine wasikubali kutishwa, na sasa tishio lilikuwa limeandikwa jina lake. Kama angebaki Eldoret siku ile, waumini wa Pokot na Nandi waliomsikiliza wangejua thamani ya mahubiri yale. Yamkini askari wa zamani aliyekuwa ndani yake alisema neno pia. Wasia wa mtu mmoja haufuti wa mwingine. Yote hukaa pamoja katika kifua kimoja na kushindana.

Busia haikumpokea kwa moto. Watu walijitokeza kwa wingi, wakamsikiliza, wakamshangilia. Kwa saa chache ilionekana kwamba vitisho vya jukwaani ni upepo, na kwamba mwananchi wa kawaida wa mpakani hakuwa na ugomvi wowote na askofu kutoka Eldoret.

Jioni haikumkuta hai. Akiwa njiani kurejea, mahali paitwapo Kipkaren, katika barabara ile ile ambayo malori ya Malaba hupitia kwenda na kutoka Eldoret, gari lake liligongana na lori la kubeba maziwa. Alikufa papo hapo. Hakuwa amefikisha umri wa miaka 50.

Nchi ilizizima. Maneno ya waziri yalikuwa yamechapishwa magazetini siku chache tu kabla, na sasa yalisomwa upya na kila mtu kwa maana mpya. Okondo alijiuzulu uwaziri siku chache baada ya ajali. Iwapo alikuwa na habari zozote zaidi ya ukali wa ulimi wake, hakuna mahakama iliyowahi kulithibitisha hilo, na haki inadai lisemwe. Aliyeshtakiwa ni dereva wa lori. Alihukumiwa kifungo cha miaka 7 kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari, akafia gerezani kabla ya kukimaliza, na kwa kifo hicho akatoweka mtu aliyekuwa ameshika usukani upande wa pili wa ajali.

Miaka zaidi ya 20 baadaye, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipozunguka nchini kusikiliza malalamiko ya miongo iliyopita, afisa wa zamani wa ujasusi alitoa ushahidi kwamba ajali ile ilikuwa imepangwa. Tume iliwasilisha ripoti yake kwa Rais Uhuru Kenyatta mwezi Mei 2013. Hakuna aliyefikishwa kortini kutokana na ushahidi huo.

Kuhusu foleni za kura ambazo Muge alizipinga tangu mwaka 1986, mambo yalikwenda haraka kuliko alivyoweza kutarajia. Kamati iliyoongozwa na Makamu wa Rais, Profesa George Saitoti, ilikuwa ikizunguka nchini katika majuma yale yale ya kifo chake ikikusanya maoni ya wananchi kuhusu chama, na ikakuta foleni hizo zikilaumiwa kila ilikokwenda. Desemba 1990 wajumbe wa Kanu walikutana Nairobi wakakubali kuzifuta. Muge alikuwa na miezi minne kaburini.